Chomeka kwanza, rangi baadaye: kwa anayeanza kutengeneza gita la umeme nyumbani

Vijana wanaonijia na gita la umeme la mtumba huanza na swali moja: nilipake rangi gani? Nami huwauliza kama wameshalipiga likiwa limechomekwa kwenye amplifaya. Wengi hawajalipiga. Mdogo wangu, lipige wiki nzima kama lilivyo, uandike kila kasoro: volyumu inayokwaruza ukiizungusha, uzi unaogonga freti (kijichuma cha shingoni) ya saba, funguo zinazolegea. Sikiliza na mvumo wa amplifaya. Ukipungua unaposhika nyuzi, ethi ipo. Ukiongezeka, waya wa ethi unaokwenda kwenye briji, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gita, huenda umekatika. Ni kazi ya dakika kumi, na nimeona mtu akilikwangua gita zima kwa hasira ya mvumo huo.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, piga picha za nyaya kwa simu, kila pembe.

Sasa rangi. Magita mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani na ganda nene la poliesta. La kwanza nilikwangua kwa mkono hadi kwenye mbao, siku nne, na nikaacha mabonde ambayo mwanga wa taa huyafichua mpaka leo. Haikuwa lazima. Ganda likiwa halijapasuka wala kubanduka, liparuze tu kwa msasa namba 320, kisha 400, mpaka mng'ao wote ufe, halafu upake juu yake. Msasa uzungushie kipande cha mbao kilichonyooka. Vidole vitupu ndivyo vinavyochimba mabonde. Nenda Keko ukawatazame mafundi samani wanavyopiga msasa, utajifunza mengi kwa nusu saa. Pale shingo inapokalia, ziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Rangi ikijazana humo, shingo haiingii, na ukiilazimisha rangi hupasuka.

Jambo lililonigharimu zaidi ni hewa ya Dar. Nilipuliza rangi mwezi Aprili, katikati ya masika, jioni, mkono juu ya mkono, yaani tabaka juu ya tabaka, bila kusubiri. Asubuhi gita lilikuwa na ukungu mweupe ndani ya rangi: tinna ikikauka upesi huipoza rangi, na unyevu wa hewani hunasa humo. Nikarudia. Siku ya tatu, nikiamini limekauka kwa kuwa halikunata kidoleni, nilililaza juu ya kanga. Nilipoliinua, nyuzi za kile kitambaa zilikuwa zimechapwa mgongoni mwa gita. Kukauka juu na kukomaa ndani ni mambo mawili. Tangu hapo napaka kati ya Juni na Septemba, saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, mikono myembamba, kisha nalining'iniza kwa waya wiki tatu au nne bila kuligusa. Najua wiki tatu ni ndefu kwa mtu mwenye hamu. Subiri tu.

Na hili nalisema kwa uzito: kliya ya magari (rangi angavu ya juu) inayochanganywa na hadina, dawa ya kuikaza, ina kemikali za isosayaneti zinazoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii. Ukiitaka, mpelekee fundi wa rangi za magari mwenye vifaa kamili. Usiipulize chumbani wanapolala watoto.

Baada ya kukomaa, lisugue kwa msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000, kisha polishi. Maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu, maana mbao hufura na rangi hupasuka pembeni mwake.

Kwenye umeme, usichague pikapu, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, kwa kufuata jina. Humbucker, pikapu ambayo Seth Lover aliibuni akiwa kampuni ya Gibson mwaka 1955, ina koili mbili zinazofuta mvumo, na sauti yake ni nene. Lakini ukitaka gita la solo linalong'aa na kudondosha noti moja moja kama dansi la bendi ya Mlimani Park, mimi ningebaki na pikapu ya koili moja. Volyumu za koili moja huwa kilo-omu 250, za humbucker 500. Ukiweka 250 kwenye humbucker, sauti za juu hufifia. Kariakoo utazipata, ila nenda na mita ya kupimia omu ukazipime dukani, maana namba iliyoandikwa na kilichomo vinaweza kutofautiana. Lehemu iwe ya elektroniki, yenye utomvu ndani. Ile dawa ya tindikali ya mafundi bomba hula nyaya kidogo kidogo, na baada ya miezi gita linanyamaza ukiwa jukwaani.

Ukikaa karibu na bahari, Kigamboni au Mikocheni, futa nyuzi kila ukimaliza kupiga. Chumvi huzila haraka.

Mwisho weka nyuzi mpya, kisha zikaze mpaka zifike kwenye sauti zake. Piga kila uzi wazi, kisha ubonyeze freti ya 12, ulinganishe kwenye tuna (kipima sauti). Noti ya freti ikisoma juu, rudisha nyuma kile kijichuma kinachobeba uzi kwenye briji. Ikisoma chini, kisogeze kuelekea shingo. Kaza uzi upya kwenye sauti yake kila unapokisogeza, kisha upime tena.