Ami kaniuliza mbunge wetu wa Marekani hutupa nini

Wiki iliyopita ami yangu wa Likoni, Mombasa, alinitumia sauti ya WhatsApp, dakika nne na ushei, nusu yake makondakta wanaita abiria na honi ya feri, nusu nyengine maswali. Alikuwa ameona kwenye habari kwamba huku Marekani serikali ilifungwa siku 43 kwa kukosa bajeti, kuanzia Oktoba mosi mpaka Novemba 12, 2025, sababu wabunge wanavutana, akashangaa sana, sasa akawa anauliza: wewe ushakuwa raia wa huko, unapiga kura, hebu nambie hao wagombea wenu husimamia nini hasa, mbunge wenu huwapa nini, na sisi huku tutapata nini? Halafu akafunga na ile yake ya siku zote, kwamba chama cha Demokrati ndio watu wetu, niwape hao tu niache kujisumbua kichwa.

Ami shikamoo. Naandika manake kwa sauti ningemaliza bando lako, na najua Salim na wenzake nao wanataka kusikia.

La kwanza, mbunge wa huku hatupi kitu. Hakuna CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneobunge, hakuna basari, haji matangani na bahasha, leso hakuna, unga hakuna, hata tisheti ukiitaka unainunua wewe. Eneobunge moja la huku lina watu kama laki saba na sitini elfu, sasa akisema aje matanga yote si atazikwa yeye. Kitu kimoja tu ambacho mtu kama mimi anaweza kumwendea ni makaratasi, yaani faili lako likikwama kwa watu wa uhamiaji ofisi yake huwaandikia kuuliza limefika wapi, na mara nyengine hiyo barua inasaidia kweli. Hiyo ndo basari yetu. Kazi yenyewe ya mbunge ni kwenda Washington kubonyeza ndiyo au la, wako 435 kwenye Baraza la Wawakilishi, kila miaka miwili wote wanarudi kwa wananchi kuomba tena, kwa hivyo hata hujamaliza kulijua jina lake vizuri kampeni zimeanza.

Mimi jina la mbunge wangu nililijua kwa sababu ya mtihani. Kwenye maswali ya uraia moja lilikuwa "mtaje mbunge wako", nikakariri Dean Phillips, Dean Phillips, kama mtoto wa madrasa na alif be te, nikiwa kwenye basi nikirudi shifti ya usiku. Jina nilikuwa nalo. Anasimamia nini, wallahi sikuwa najua hata kimoja, na hakuna aliyeniuliza.

Na hapa nisimame kidogo kwa ajili ya Salim ambaye anacheza ile bahati nasibu ya viza. Ukija huku na grini kadi, yaani kibali cha kuishi huku daima bila kuwa raia, HUPIGI kura ya mbunge. Usijiandikishe hata mtu akikuchekea. Kuna kijana wa kwetu, jina naliweka, alienda kuchukua leseni ya gari, akapewa fomu, kuna kisanduku kinauliza unataka kuandikishwa kupiga kura, yeye akaona hii ni heshima akatia alama. Hakupiga kura hata siku moja. Lakini alipokuja kuomba uraia ile alama ilikuwa inamsubiri, kampa wakili pesa ambayo angejengea nyumba Mtongwe, manake kudai wewe ni raia na si raia ni kosa la kukurudisha ulikotoka. Miaka mitano ya kungoja uraia si mingi, ngoja.

Basi mimi nikaapishwa 2023, na kura yangu ya kwanza ya mbunge ikawa Novemba 2024. Ami ungeiona meza yangu ya jikoni! Mimi nakaa Brooklyn Park, juu kidogo ya mji wa Minneapolis, hili ni eneobunge la tatu la Minnesota, na Phillips alikuwa anaondoka baada ya kwenda kujaribu urais akashindwa. Wakabaki Kelly Morrison wa Demokrati, daktari wa akina mama na uzazi, na Tad Jude wa Republican, ambaye aliwahi kuwa jaji na zamani za kale alikuwa bunge la jimbo kwa tiketi ya hao hao Demokrati. Karatasi zilikuwa zinakuja kwenye sanduku la posta nne tano kwa siku, ngumu zinang'aa, mimi nikawa natumia kukingia sufuria ya wali isiunguze meza. Na meseji za simu! "Hujambo, naitwa fulani najitolea kwa mgombea fulani", unajibu "acha", kesho anakuja mwengine.

Sasa ukizisoma zile karatasi utagundua mgombea hakwambii msimamo wake wote, anakwambia ule ambao ameambiwa unauzika mtaani kwako. Upande wa Morrison ilikuwa mimba, mimba, mimba, manake Juni 2022 mahakama kuu ilifuta ile haki ya kutoa mimba iliyokuwa inalinda nchi nzima, na yeye daktari wa mambo hayo hayo kwa hivyo alikuwa anasema kitu anachokijua. Upande wa Republican mwaka ule ni bei za vitu na mpaka. Mimi hapo niko katikati na mchuzi unapoa. Mtoto wa madrasa mimi, kwenye mimba najua nilivyolelewa na wewe unajua, kwa hilo nakaa karibu na Republican na sioni haya kusema. Lakini kazi yangu ni nini? Nafanya kwenye nyumba ya kuwatunza watu wenye ulemavu, nawaogesha, nawapa dawa, nawapeleka duka, na pesa inayolipa nyumba ile inatoka Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini na walemavu. Wakenya wengi wa huku Minnesota wako kwenye kazi hizi. Kwa hivyo mgombea akisema tu "nitapunguza matumizi ya serikali", watu wanapiga makofi, mimi nasikia mshahara wangu.

Siku moja Jumamosi binti mmoja akagonga mlango, ana karatasi kwenye ubao, akaniuliza suala gani ni muhimu zaidi kwako mwaka huu. Nikamwambia kodi ya nyumba. Akaangalia simu yake juu chini, naona anatafuta, akanambia hapa nina uchumi, afya, uhamiaji, mimba, bunduki, mazingira, niweke uchumi? Nikamwambia weka uchumi. Akanishukuru akaenda. Kodi ilipanda Januari kama kawaida.

Nilimpa nani kura? Nilipiga kwa tumbo, ami, elewa hapo. Morrison akashinda, na mimi nikapewa kale kastika kekundu ka kuonyesha nimepiga, nikakapiga picha nikawatumia nyote, na wewe ukanijibu "hongera, wamekupa na nini chengine?"

Msimamo wenyewe niliuona mwaka uliofuata. 2025 ukaja ule mswada mkubwa wa Trump, umebeba kila kitu, kodi za mapato, pesa za mpaka, Medicaid, na ndani huko wakachomeka kitu kinachokuhusu wewe hapo Likoni ambacho hakuna mgombea aliyenitumia karatasi kukizungumzia, si huyu si yule. Walitaka kukata pesa tunazotuma nyumbani! Rasimu ya kwanza asilimia 5 kwa asiye raia. Baraza la Wawakilishi likaupitisha Mei kwa kura 215 kwa 214, yaani kura moja, na hapo ilikuwa asilimia 3.5, maana yake mwenzangu mwenye grini kadi akimtumia mamake dola 300 serikali inachukua dola 10 na nusu. Ukafika Seneti, baraza la pili la bunge, ikashuka ikawa asilimia 1, na ni kwa yule anayelipa keshi dirishani au kwa hundi za kununua, ukituma kutoka benki au kwa kadi haikugusi, lakini ukilipa keshi hata uwe raia unakatwa. Seneti yenyewe walifungana 50 kwa 50 mpaka makamu wa rais Vance akaja kupiga ya 51. Ukarudi Baraza la Wawakilishi ukapita Julai 3 kwa 218 kwa 214. Kwetu Minnesota tuna wabunge wanane, wanne Republican wote walisema ndiyo, wanne Demokrati wote walisema la. Sheria ikasema makato yaanze Januari mosi 2026.

Na humo humo Medicaid ikawekewa masharti, mtu mzima mwenye nguvu zake athibitishe anafanya kazi au kujitolea saa 80 kwa mwezi, hiyo inakuja kufikia 2027. Watu ninaowatunza mimi hawamo humo, ni walemavu, lakini pesa ikipungua kwa jimbo hujui mkasi utapita wapi, na msimamizi wetu kashatuambia ovataimu tusiitegemee. Huko kufungwa serikali ulikokuona kwenye habari nako ni mambo ya bima, Demokrati walitaka ile ruzuku ya bima iliyokuwa inaisha mwisho wa 2025 iendelee, Republican wakasema fungueni serikali kwanza ndo tuongee.

Kwa hivyo kwa haya unaweza kusema basi ami yuko sawa, Demokrati ndio watu wetu. Subiri. Hiyo bahati nasibu ya viza ya Salim, ile ambayo sheria inairuhusu viza mpaka 55,000 kwa mwaka, Republican wengi wanataka ife na hawafichi. Lakini 2013 Seneti ilipitisha mswada mkubwa wa uhamiaji kura 68 kwa 32, Demokrati wote waliukubali, na ndani yake bahati nasibu ilikuwa inafutwa! Walikuwa wanapata mengine makubwa, watu mamilioni wasio na karatasi wangepewa njia ya uraia, wakaona hiyo yetu inaweza kwenda. Ilituokoa tu kwamba Baraza la Wawakilishi halikuugusa. Hakuna aliyetuchukia, tulikuwa chenji tu ya kurudishiana.

Na sasa hivi kuna kiti cha seneta wa Minnesota kiko wazi, Tina Smith hagombei tena, mchujo ni Agosti 11, 2026, na huko Demokrati kwa Demokrati wanakabana koo. Angie Craig ni mbunge, Peggy Flanagan ni naibu gavana. Flanagan anataka bima moja ya serikali kwa kila mtu, Craig anataka serikali iwe na bima yake lakini mtu achague mwenyewe. Na Januari 2025 Craig alikuwa kati ya Demokrati 46 wa bungeni walioukubali mswada wa Laken Riley, unaosema mtu asiye na karatasi akishtakiwa wizi, hata wa dukani, awekwe ndani hata kesi haijaamuliwa. Chama kimoja hicho, na kwenye baraza za Wakenya huku kura hiyo moja imezungumzwa kuliko hotuba zake zote.

Nikija kwa lile la "mtu wetu", ulimtaja Ilhan Omar, ati huyo si aliishi Kenya mbona hasaidii. Aliishi kweli kambi ya wakimbizi huko miaka minne kabla hajaja 1995. Lakini yeye ni mbunge wa Minneapolis mjini, eneobunge la tano, si wangu, na waliompa kura ni watu wa pale. 2022 nusura ang'oke kwenye mchujo, alimshinda Don Samuels kwa kama pointi mbili tu, na kilichowagawa ni polisi, manake 2021 kulikuwa na kura ya kuondoa idara ya polisi ya Minneapolis na kuweka nyengine, Omar aliiunga mkono, Samuels akaipinga, na watu wa mji wakaikataa. 2024 wakarudiana akamshinda vizuri. Nakwambia haya ujue huku mtu anaweza kuwa na sura yako na dini yako na bado watu wakamuuliza usiku nikipigwa kabali nampigia nani simu. Na yule dada Mkenya uliyemuona kwenye habari, Huldah Momanyi Hiltsley, kweli alishinda 2024 na ni wa huku kwetu, ila yeye ni bunge la jimbo hapa St. Paul, si Washington, sahihisha huko barazani.

Mimi saa hizi karatasi sizisomi tena. Mgombea ambaye ashakuwa bungeni naangalia kura zake, zimewekwa wazi kwenye intaneti, jina na ndiyo au la, haichukui dakika kumi. Ambaye hajawahi ndo shida, huyo nasikiliza anachokataa kujibu. Mwaka jana nilienda mkutano mmoja wa wagombea ukumbi wa maktaba, mzee mmoja Mliberia akauliza kima cha chini cha mshahara cha taifa kimekaa dola 7.25 tangu 2009, wewe utakipandisha kiwe ngapi, mgombea akasema swali zuri sana, akaongea dakika mbili kuhusu babu yake mkulima. Mzee akakaa chini, akanigeukia, akanambia kwa sauti ndogo, "kwa hivyo sifuri."

Sasa ami, ile pesa ya dawa za shangazi nilikuwa naituma kwa yule Msomali wa duka, nampa keshi. Kuanzia sasa nitatuma kwa kadi moja kwa moja kwenye simu yako. Hakikisha laini ni ile ile na jina la M-Pesa ni lako, si la Salim.