Mama aache pampu afanye mazoezi ya kupumua? Nijibu kama mgonjwa wa pumu

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema mama ana miaka 58, ana pumu na presha, amejiunga na kundi la WhatsApp la mafunzo ya kupumua, na mwalimu wao amemwahidi kwamba ndani ya siku 40 atatupa pampu yake ya kuvuta dawa ya pumu. Unauliza kama mazoezi hayo yana ukweli wowote au ni utapeli. Mazoezi yana ukweli. Hilo la kutupa pampu linaua. Nitayaeleza yote mawili kwa sababu yote mawili yamenipata.

Nina pumu tangu darasa la tatu. Naishi Mafinga, ni karani kwenye yadi ya mbao, na anayeijua Mafinga anajua maana yake: mchana vumbi la msumeno, usiku baridi ya Juni na Julai. Utotoni nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni kupelekwa zahanati usiku wa manane.

Kupumua nilifundishwa kwaya, wala si hospitali. Mwalimu wetu, mzee mmoja mpole, alitufunga kanga sisi wa sauti ya kwanza kwenye mbavu za chini, juu kidogo ya kiuno, akakaza fundo. Akasema: "Ukivuta hewa, kanga ikaze. Mabega yakipanda, umekosea." Wiki ya kwanza kanga yangu haikukaza hata kidogo. Mabega ndiyo yalipanda, mishipa ya shingo ikasimama. Alinisogelea, akaweka viganja vyake juu ya mabega yangu bila kuyakandamiza, akaniambia nimalize kwanza hewa iliyomo ndani ndipo nivute nyingine. Nilitoa hewa polepole kwa sauti ya "sss" mpaka kanga ikalegea, na pumzi iliyofuata ikaingia yenyewe chini, fundo likanibana tumboni. Nilikuwa na miaka 24, na ndiyo mara ya kwanza kuhisi hewa ikifika huko.

Hapo ndipo penye siri ya mambo yote haya. Watu wengi hudhani mwenye pumu anakosa hewa ya kuvuta. Ukweli ni kwamba anashindwa kutoa. Njia za hewa zimevimba, misuli inayozizunguka imebana, makohozi yameziba, kwa hiyo hewa inaingia lakini inatoka kwa shida, na nyingine inabaki humo humo. Kifua kinakuwa kama debe lililojaa. Mgonjwa akishikwa na hofu anavuta tena, anavuta tena, na debe lililojaa haliongezeki. Kwa hiyo zoezi lolote la maana kwa mwenye pumu hutilia mkazo pumzi inayotoka.

Ninalolifanya mimi kila siku ni hili. Nakaa kwenye kiti, miguu chini, mkono mmoja tumboni. Navuta kwa pua, taratibu, bila kujaza kifua, huku nahesabu mbili. Halafu natoa kwa midomo iliyofumbwa nusu, kama mtu anayepuliza chai ya moto kwenye kikombe cha bati bila kuimwaga, nahesabu nne. Dakika tano asubuhi, dakika tano kabla ya kulala. Usilazimishe. Ukisikia kizunguzungu, au midomo na vidole vinaanza kufa ganzi, ujue umepumua kwa nguvu mno na umetoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyotaka. Acha, pumua kawaida.

Na pua isidharauliwe. Hewa inayopita puani inapashwa moto, inalowanishwa na kuchujwa vumbi kabla ya kufika kifuani. Kwa anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya huku kwetu, kufunga mdomo na kuvaa skafu puani kunamwepusha na mengi.

Sasa, huyo mwalimu wa WhatsApp. Kwa maelezo yako, ya kubana pua na kuhesabu sekunde, anafundisha njia ya Buteyko. Konstantin Buteyko alikuwa daktari wa Umoja wa Kisovieti aliyeianzisha miaka ya 1950. Alishikilia kwamba watu wanapumua kupita kiasi, na kwamba wakijizoeza kupumua kidogo, kwa pua, magonjwa mengi yatapona. Unatoa hewa kawaida, unabana pua, unahesabu mpaka uhisi hamu ya kwanza ya kuvuta, unaachia. Njia hii imepimwa kitaalamu. Jaribio la Brisbane, Australia, lililochapishwa mwaka 1998, lilikuwa na wagonjwa 39, na waliofundishwa Buteyko walipunguza sana matumizi ya dawa ya kufungua kifua. Lakini walipopulizishwa kwenye mashine, mapafu yao hayakuwa yamebadilika. Miaka 20 baadaye, Uingereza, wagonjwa 655 walifuatiliwa katika jaribio la kufundisha kupumua vizuri, wengine kwa kukaa na mtaalamu, wengine kwa DVD na kijitabu nyumbani. Matokeo yakawa ya namna ileile: maisha yao yalikuwa nafuu, ila vipimo vya mapafu havikusogea. Shikilia sana hapo, kwa sababu nusu ya habari hiyo ndiyo inayouzwa kwenye makundi, na nusu ya pili inafichwa.

Mimi nilinunua ile nusu ya kwanza. Mwaka 2017 niliingia kundi kama la mama yako. Mazoezi yalinipendeza, usingizi ukarudi, ngazi za ofisini nikawa nazipanda bila kusimama. Wakasema dawa ya kahawia, ile ya kila siku ya kutuliza uvimbe, inazoesha mwili uvivu. Nikaiacha. Siku ya ishirini na kitu, mwezi wa saba, lori lilishusha mbao mbichi yadini jioni, na saa tatu usiku kifua kikaanza kulia. Nikakaa, nikafanya mazoezi yangu kwa ustadi wote. Hayakuondoa chochote. Nikatafuta pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, kwenye droo, nikaitikisa: tupu. Shemeji alinipakia kwenye bodaboda katikati yake na mdogo wangu, wananishikilia nisianguke. Hospitali kipimo cha kidole, kinachopima oksijeni kwenye damu, kilisoma asilimia 87, wakati mtu mzima anatakiwa awe 95 kwenda juu. Nikawekwa oksijeni, nikapigwa nebulaiza, ile mashine ya mvuke wa dawa, mara tatu, nikapewa vidonge vya prednisolone vya kutuliza uvimbe.

Asubuhi daktari wa zamu, dada mdogo kuliko mimi, hakunigombeza. Alichukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako chake kwa wembe mpaka mdomo wa pampu ukaingia na kukaza, akazungushia plasta. Akanionyesha: tikisa pampu, weka mdomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, pumua taratibu mara nne, ndipo ubonyeze tena. Dawa inabaki ndani ya chupa badala ya kugonga koo na kuishia hapo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba chupa ya namna hii ilijaribiwa Cape Town kwa watoto waliobanwa, matokeo yakachapishwa mwaka 1999, na ikaonekana inafanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani cha kuvutia dawa ya pampu. Tangu siku ile nyumbani kwangu kuna chupa mbili, moja jikoni na moja kwenye mkoba.

Halafu akanipa kipimo cha kupuliza, ule mrija wenye namba unaopima kasi ya hewa unayoitoa, nikanunua wangu nikaanza daftari. Siku zote zile za mazoezi bila dawa sikuwa nimepima chochote. Asubuhi ile nilipuliza 210. Baada ya miezi miwili ya dawa ya kahawia, kila siku, na kusukutua mdomo kila nikivuta ili nisipate fangasi, nilifika 390. Mazoezi hayajawahi kunipandisha namba hiyo hata siku moja. Kitu yalichonipa ni kingine, na ni kikubwa: nikianza kubanwa sipapatiki tena. Nakaa, nainama mbele, viwiko juu ya meza, natoa hewa kwa midomo, mikono inatulia ya kutosha kushika chupa na pampu na kuvuta dawa inavyotakiwa. Zamani nilikuwa nabonyeza pampu hewani huku natetemeka, dawa yote inapotea.

Mazoezi yamenifundisha pia kutofautisha hofu na pumu. Hofu peke yake huja na ganzi ya vidole na mapigo ya mbio, na nikipuliza kwenye mrija namba iko palepale. Pumu huja na mlio wakati wa kutoa hewa, na namba imeshuka. Nikiwa na shaka, navuta dawa kwanza. Na mtu akishindwa kumaliza sentensi moja, nyama katikati ya mbavu zikiwa zinaingia ndani, midomo ikibadilika rangi, au kifua kilichokuwa kinalia kikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hapo hakuna zoezi. Ni gari, bodaboda, chochote, kwenda hospitali huku anaendelea kuvuta dawa njiani.

Kuhusu mama mwenyewe kuna jambo linanisumbua. Umegusia kwamba amepikia kuni tangu usichana wake. Wanawake wengi wa namna hiyo huitwa wagonjwa wa pumu kumbe mapafu yameharibiwa na moshi wa miaka mingi, ugonjwa ambao madaktari huuita COPD. Dalili zinafanana, matibabu yanatofautiana. Kinachotenganisha ni kipimo cha spirometa, anapuliza kwa nguvu kwenye mashine kabla na baada ya dawa. Mpeleke hospitali ya rufaa apimwe. Ikiwa ni COPD, lile zoezi la kupuliza chai ndilo litakalomsaidia zaidi, hasa akipanda mlima au akibeba ndoo, kwa sababu linazuia njia ndogo za hewa zisijifunge kabla hewa haijatoka. Na jiko litoke nje ya nyumba, hata kama ni chini ya mwembe.

Presha nayo: kupumua polepole, kama mara sita kwa dakika, huituliza kidogo kwa watu wengi, lakini vidonge vyake asiviguse bila daktari. Kama ni Mkatoliki, huenda tayari anafanya. Kuna watafiti Italia waliochapisha mwaka 2001 kwamba kusali rozari kwa Kilatini kulipunguza upumuaji wa watu mpaka karibu mara sita kwa dakika, sawa na mantra za yoga, yale maneno yanayorudiwarudiwa. Ila hilo la kubana pua na kushindana kuhesabu sekunde, mwenye presha aliache.

Nakuomba mfanye mambo mawili wiki hii. Kagua pampu zake zote kama zina dawa na hazijapitwa na muda, kisha mkae jioni moja umfunge kanga mbavuni, mwone inakaza au mabega ndiyo yanapanda. Akishapimwa spirometa njoo uandike hapa wamesema nini, nitakuelekeza aanzie zoezi lipi.