X32 na S16: taa ya mike inawaka jukwaani, chaneli iko kimya

Mkuu, umesema mike iko tundu la 1 la S16 (kisanduku cha jukwaani cha kuchomekea mike) na taa ya sauti inawaka hapo, ila chaneli 1 ya X32 (miksa ya dijitali) haisomi kitu, na monita za waimbaji nazo hazilii. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Kwenye miksa ya analogi, tundu la 1 ndiyo chaneli 1, basi. Kwenye X32 sauti hupita milango miwili kabla ya kufika chaneli, na wengi hufungua mmoja tu.

Mlango wa kwanza: bonyeza ROUTING, nenda ukurasa wa Inputs. Pembejeo 32 zimegawanywa mafungu manne ya nane nane. AES50 ni njia ya kidijitali ya waya mmoja unaounganisha miksa na S16. Fungu la 1-8 liweke AES50 A 1-8, la 9-16 liweke AES50 A 9-16 (kama waya umeingia tundu la AES50 A). Mawili yaliyobaki yaache Local (matundu ya miksa yenyewe). Hapo elewa kwamba matundu 1-16 ya nyuma ya miksa yameshakatwa: ukichomeka mike ya mhubiri kule, hutasikia kitu, itabidi uiweke 17 kwenda mbele. Ukitaka kuchanganya tundu mojamoja badala ya fungu zima, tumia User In, iliyoanza na toleo la 4.0 la programu ya miksa.

Mlango wa pili uko ndani ya chaneli yenyewe: ichague, fungua ukurasa wake wa Config, Source iwe In 01. Baada ya hapo GAIN (kikuza sauti) na 48V (umeme wa mike za kondensa) za chaneli hiyo zinaendesha priampu (kikuzaji cha mike) iliyoko S16 kule jukwaani.

Ukisikia mikwaruzo au sauti inakatika, angalia SETUP: saa ya X32 (mapigo ya kidijitali yanayovifanya vifaa viende pamoja) iwe Internal, S16 iifuate. Waya uwe CAT5e wenye kinga, vichwa vya chuma pande zote mbili, usizidi mita 80. Waya wa kawaida wa kompyuta ofisini hausaidii hapa. Chaji ya umeme tuli inatosha kuukatisha.

Sasa monita. Kwenye chaneli, weka sauti iendayo Bus 1 (njia ya monita) iwe Pre Fader (ichukuliwe kabla ya feda), ili ukigusa feda ya ukumbini mwimbaji asipotezewe sauti yake. Kisha ROUTING, Out 1-16: Out 1 iwe MixBus 1, tap yake (mahali sauti inapochukuliwa) Post Fader, yaani baada ya feda ya basi hiyo. Wengi huishia hapo, na ndiyo maana matundu ya nyuma ya miksa yanalia lakini S16 kimya. Bado ukurasa wa AES50 A: fungu la 1-8 lipe Out 1-8. Ukilipa Out 9-16, matundu 7 na 8 ya S16 yatatoa Out 15 na 16, ambazo kiwandani ni Main (sauti kuu ya ukumbini) kushoto na kulia. Kwa spika kubwa zilizo karibu na jukwaa hilo linafaa sana.

Kama jana kila kitu kilikuwa sawa na leo mike zote zimekufa, tazama Inputs kwanza. Mara nyingi mtu alikuwa anasikiliza rekodi akaacha mafungu kwenye Card (kadi ya kurekodia), au amefungua scene (mipangilio iliyohifadhiwa) ya zamani yenye njia nyingine.