Maswali ya Wasomaji: Nani Anaisimamia Ruzuku ya Shule Zinazohangaika?

*Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu, mkoani Singida. Tunasikia redioni kwamba Serikali hutuma ruzuku moja kwa moja shuleni, lakini tukiitwa kikaoni tunakuta muhtasari umekwisha kuandikwa, tunatia sahihi na kuondoka. Je, tuna haki ya kuiona taarifa ya benki, au kazi hiyo ni ya wakaguzi wa Serikali peke yao?*

Ndugu mjumbe, haki hiyo mnayo, na msipoitumia hakuna ofisi nyingine itakayoweza kuitumia badala yenu. Kamati ya shule ndiyo inayojadili na kuidhinisha mpango na bajeti ya shule, mwalimu mkuu akiwa katibu wake. Kwa hiyo taarifa ya benki, stakabadhi na daftari la fedha ni nyaraka za kikao chenu, wala si siri ya ofisi yake.

Ili mjue mnachopaswa kukiuliza, ni vyema kuifuata fedha yenyewe tangu inakotoka. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kwa kufuata Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, kiwango cha ruzuku kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, shilingi 4,000 zilibaki Serikalini kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 zikapelekwa kwenye akaunti ya shule kwa mafungu ya kila mwezi. Badiliko kubwa lilikuwa njia iliyopita fedha hiyo: wakati wa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mapema miaka ya 2000, ruzuku ilipitia halmashauri, na huko ilichelewa, ikapungua, na mara nyingine haikufika kabisa. Kuitoa Hazina na kuipeleka shuleni bila kusimama njiani kulifunga mwanya mmoja mkubwa.

Lakini mwanya ukifungwa juu, mzigo wa usimamizi huteremka chini. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anafanya kazi kwa mamlaka ya Ibara ya 143 ya Katiba. Ripoti yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwasilishwa Bungeni, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi wa halmashauri. Huo ni usimamizi wa kweli na ninauheshimu. Hata hivyo, ripoti hiyo huzungumzia mwaka wa fedha uliokwisha miezi tisa kabla, na wakaguzi wake hawawezi kufika katika kila shule ya kila kijiji. Ikiwa dari liliandikwa kuwa limekarabatiwa Agosti ilhali halikuguswa, mtu wa kwanza anayeweza kulijua jambo hilo, tena mwezi huohuo, ni mjumbe wa kamati anayeingia darasani na kutazama juu.

Kwa hiyo, katika kikao kijacho ombeni mambo matatu kabla ya sahihi: taarifa ya benki ya miezi iliyopita, idadi ya wanafunzi iliyotumika kukokotoa ruzuku, na stakabadhi za matumizi. Idadi hiyo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Shule yenye wanafunzi 300 ilistahili, kwa kiwango nilichokitaja, shilingi 1,800,000 kwa mwaka, yaani shilingi 150,000 kwa mwezi. Kama kilichoingia ni pungufu, ulizeni kama takwimu zilizopelekwa wilayani zilikuwa sahihi, kabla ya kumtuhumu mwalimu mkuu ambaye huenda naye anahangaika na pengo asilolisababisha. Muhtasari usiandikwe kabla ya mjadala, na anayekataa kuutia sahihi asichukuliwe kuwa mchochezi.

*Ndugu Mhariri, nafundisha katika shule ndogo ambayo matokeo yake yamekuwa duni kwa miaka kadhaa. Tunapata ruzuku kidogo kwa sababu wanafunzi ni wachache. Mkaguzi akija anataka risiti. Hajawahi kuuliza kama watoto wanajua kusoma. Je, fedha zikiongezwa na ukaguzi ukakazwa, shule kama yetu itainuka?*

Mwalimu, swali lako limegusa udhaifu ambao ningependa wanaopanga bajeti waufikirie upya. Fomula inayohesabu vichwa ni rahisi kuikagua, na inazuia upendeleo, lakini haijui tofauti kati ya shule iliyosimama na shule inayozama. Paa la shule ya wanafunzi 200 huvuja sawasawa na la shule ya wanafunzi 1,000, mlinzi hulipwa mshahara uleule, na safari ya kwenda wilayani haina bei ya watoto wachache. Shule iliyo pembezoni hubeba gharama kubwa zaidi kwa kila mtoto, ilhali hupewa sawa na nyingine. Ningependekeza kila shule ipate kwanza kiasi cha msingi kisichotegemea idadi, ndipo ruzuku ya vichwa iongezwe juu yake.

Ama kuhusu fedha kuinua matokeo, hapa Tanzania tunao ushahidi unaostahili kusomwa kwa makini. Mwaka 2013 na 2014, taasisi ya Twaweza iliendesha jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Baadhi ya shule zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, nyingine walimu wake waliahidiwa bakshishi kulingana na ujuzi wa watoto katika kusoma na kuhesabu, na nyingine zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake, ingawa ilifika na kutumika, haikupandisha alama za watoto. Pale ruzuku ilipoambatana na motisha kwa walimu ndipo watoto walipojifunza zaidi, kwa kiwango kilichozidi jumla ya athari za njia hizo mbili kila moja ikiwa peke yake.

Sisomi matokeo hayo kama hoja ya kupunguza ruzuku. Shule isiyo na chaki haiwezi kufundisha, hata mwalimu wake awe na moyo kiasi gani. Ninayasoma kama hoja dhidi ya ukaguzi unaoishia kwenye risiti. Serikali inao wathibiti ubora wa shule, ambao kazi yao ni kutazama ufundishaji, na inao wakaguzi wa hesabu. Makundi haya mawili huandika taarifa mbili ambazo ni nadra kusomwa pamoja. Shule yenye hesabu safi na watoto wasiojua kusoma darasa la nne inapaswa kuitwa yenye tatizo, na tatizo hilo lipelekewe msaada: walimu wa kutosha, mafunzo kazini na ziara za mara kwa mara za Afisa Elimu Kata. Kuipa barua ya karipio hakumfundishi mtoto herufi hata moja.

*Ndugu Mhariri, je, kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo kunasaidia chochote?*

Kunasaidia, ikiwa wanaosoma wanajua kiasi kilichostahili kuingia. Uchunguzi uliofanywa Uganda ulibaini kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipata, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotolewa na serikali kuu kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Wapo watafiti wanaosema kwamba mageuzi mengine ya wakati huo yalichangia sana, nami nakubaliana nao, kwa sababu tangazo bila mtu wa kulifuatilia haliwezi kurudisha fedha.

Kama ubao wa shule yenu ni mtupu, andikeni barua ya kuomba taarifa kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaitaka mamlaka ya umma ijibu ndani ya siku 30. Barua iende kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala yenye muhuri wa mapokezi ibaki mikononi mwenu. Mkiwa na dalili za wizi wenyewe, msingoje siku hizo ziishe, nendeni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.