Maswali na Majibu: Unaposhuka Maskati kwa Mara ya Kwanza

Wasomaji wanaojiandaa kwenda Oman, wengine kwa kazi na wengine kwa matembezi, wametuandikia wakitaka kujua mambo yatakayowapokea huko. Tumejibu machache.

Ni kweli kwamba Maskati mtu anaweza kuishi kwa Kiswahili peke yake?

Hapana, ingawa utakisikia hata mahali usipokitarajia, kwenye foleni ya benki au kwa daktari wa zamu. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na familia nyingi za Kiomani zikaoa na kuzaa huko. Mapinduzi ya 1964 yaliwatawanya wengi wao, na Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 akawaita Waomani walioko nje, walirejea na elimu, ujuzi na Kiswahili chao cha mwambao. Vijana wao, hata hivyo, mara nyingi hukielewa lakini hujibu kwa Kiarabu, na dukani utahudumiwa zaidi na watu wa India, Pakistani au Bangladeshi. Usimwanze mtu kwa Kiswahili eti kwa sababu ya rangi yake, kwa kuwa wapo wasiopenda kuulizwa asili yao. Msalimie kwa Kiarabu, mjuliane hali bila haraka, na mwenye Kiswahili atakitoa mwenyewe.

Nitegemee jiji kama Dubai?

Usitegemee. Majengo mengi ni ya kimo cha chini, meupe au ya rangi ya mchanga, kwa sababu mamlaka za jiji hudhibiti kimo na sura ya ujenzi. Jiji lenyewe limejinyoosha mno kati ya bahari na milima ya mawe makavu, hivyo bila gari utahangaika. Mahali pa kutembea kwa miguu ni Mutrah, jioni, ambako ufuko na soko la ubani viko jirani.

Nimealikwa kahawa nyumbani kwa Mwomani. Nifanyeje?

Vua viatu mlangoni na upokee kila kitu kwa mkono wa kulia. Utaanza kwa tende au kwa halwa yenye zafarani na hiliki, ambayo mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa. Kahawa ni chungu, haina sukari, na humiminwa kidogo tu katika kikombe kisicho na mkono. Usidhani ni uchoyo, kwani hivyo ndivyo inavyobaki moto na mwenyeji akapata nafasi ya kukukirimu tena. Ataendelea kumimina mpaka ukitikise kikombe kitupu kulia na kushoto unapomrudishia. Usimuulizie mkewe, na chetezo cha udi kikishazungushwa, jiandae kuaga.

Teksi riali 5, mbona rahisi?

Riali moja ya Oman ni kama dola 2.6 za Marekani, kwa hiyo umetajiwa takriban dola 13. Riali hugawanyika katika baisa 1,000. Hesabu sifuri vizuri na upatane bei kabla ya kupanda.

Mwajiri amesema atanitunzia pasipoti. Je, nikubali?

Usikubali. Sheria ya kazi ya mwaka 2023 inamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi bila ridhaa yake ya maandishi, kwa hiyo karatasi usiyoielewa usiitie saini hata ukiharakishwa. Wafanyakazi wa majumbani wana kanuni zao nje ya sheria hiyo, na kwa maoni yangu ndio wanaopaswa kujihadhari zaidi, maana wengi wao hulala palepale wanapofanyia kazi. Kabla ya kusafiri, piga picha pasipoti, viza na mkataba, umwachie ndugu nakala, na uandike namba ya ubalozi wako kwenye karatasi pia, si ndani ya simu tu. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Maskati.