Ahukumiwe Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Magna Carta na Haki Zetu

Mhariri, mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya upili. Vitabu vinasema kwamba msingi wa haki za raia uliwekwa Uingereza mwaka 1215, Mfalme John alipokubali Magna Carta, yaani Mkataba Mkuu. Mwanafunzi mmoja ameniuliza ilikuwaje mfalme anayejulikana kwa ukatili akatoa haki kwa hiari yake. Nisaidie nimjibu vyema.
— Mwalimu, Umoja

Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba ameona mbali, kwa maana mfalme huyo hakutoa chochote kwa hiari. Makabaila waliomwasi waliuteka mji wa London mwezi Mei 1215, na tarehe 15 Juni, kwenye uwanda wa Runnymede kando ya mto Thames, John aliyakubali masharti yao akiwa ameshapoteza mji ulio mkubwa kuliko yote katika ufalme wake. Haukupita muda mrefu akamwomba Papa Innocent III amfungue kutoka katika ahadi hiyo, na tarehe 24 Agosti Papa akautangaza mkataba kuwa batili. Vita vikazuka, na John akafariki Oktoba 1216 vikiwa bado vinaendelea. Mwanawe Henry III alirithi ufalme akiwa na umri wa miaka tisa, na walezi wake, ambao walihitaji kuungwa mkono na waasi walewale, waliutoa mkataba upya mwaka 1216 na tena 1217. Mwaka 1225 Henry mwenyewe aliutoa kwa mara nyingine ili akubaliwe kukusanya kodi, na mwaka 1297, katika enzi ya Edward I, ukathibitishwa na kuandikwa miongoni mwa sheria za nchi. Kwa hiyo ulidumu kwa sababu kila mfalme aliyehitaji fedha au askari alijikuta analazimika kuurudia.

Hata hivyo, kama ningekuwa darasani mwako ningeanza simulizi karibu miaka hamsini kabla ya Runnymede, kwa baba yake John, yaani Henry II, aliyetawala kuanzia 1154 hadi 1189. Huyu alikuwa mfalme mwenye mkono mzito, lakini alitaka ugomvi wa ardhi uamuliwe na majaji wake waliozunguka nchi nzima, badala ya kuachiwa makabaila wauamue katika mabaraza yao wenyewe. Mtu aliyefukuzwa shambani mwake aliweza kupata hati ya amri kutoka ofisi ya mfalme. Hati hiyo ilipelekwa kwa afisa wa mfalme wa jimbo, ikimwagiza awaite watu kumi na wawili walio huru na waaminifu kutoka ujirani ule, waende wakalione shamba lenyewe kwa macho yao, kisha wafike mbele ya majaji kujibu swali moja tu: je, fulani amemwondoa fulani katika shamba lake isivyo haki na bila hukumu? Watu hao hawakuulizwa nani mwenye ardhi tangu enzi za mababu, kwa kuwa hiyo ilikuwa kesi nyingine, ndefu na yenye utaratibu wake. Wakijibu ndiyo, aliyefukuzwa alirudishiwa shamba lake kwanza, na yule aliyejiona kuwa ndiye mwenye haki ya kweli akaambiwa afungue kesi yake kama watu wengine.

Nimekaa kidogo kwenye hati hiyo kwa sababu naamini mzizi wa jambo lote uko hapo. Kwa muda wa kizazi kizima watu huru wa Uingereza walizoea kwamba mali ya mtu haiguswi mpaka hukumu itolewe, na waliozoea hivyo walikuwa pamoja na wakulima wadogo waliokuwa na ekari chache tu. Kulikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa kubwa: hati zilitoka kwa mfalme na kwa jina lake, kwa hiyo hapakuwa na hati ya kumshtaki mfalme mwenyewe. John aliitumia kasoro hiyo bila huruma. Baada ya kupoteza Normandy, jimbo lake lililokuwa Ufaransa, mwaka 1204 alitafuta fedha za kuirudisha kwa kila njia, akitoza makabaila malipo makubwa kwa ajili ya urithi, kwa ajili ya kuoa na kuolewa, na hata kwa ajili ya kuharakisha au kuzuia kesi, na aliyeshindwa kulipa aliweza kupoteza mashamba na ngome zake. Matilda, mke wa kabaila William de Braose, alikufa njaa gerezani pamoja na mwanawe mwaka 1210, bila mahakama yoyote kuwahukumu. Washirika wa John waliposhindwa na mfalme wa Ufaransa vitani huko Bouvines Julai 1214, fedha zote zikawa zimeteketea bure, na uvumilivu ukafika ukingoni.

Sasa soma kifungu cha 39, katika mkataba ambao wasomi wa leo huuhesabu kuwa na vifungu 63. Kinasema kwamba hakuna mtu huru atakayekamatwa au kufungwa, au kunyang'anywa mali yake, au kutangazwa kuwa nje ya ulinzi wa sheria, au kufukuzwa nchini, au kuangamizwa kwa namna yoyote, isipokuwa kwa hukumu halali ya walio sawa naye au kwa sheria ya nchi. Kifungu cha 40 kinafuata, kifupi na kizito: hatutamwuzia mtu yeyote haki, wala hatutamnyima, wala hatutamcheleweshea. Utaona kwamba makabaila hawakubuni kanuni ngeni. Walichukua kanuni ileile ya «bila hukumu» ambayo wafalme waliwalazimisha raia kuifuata wao kwa wao, wakamfunga nayo mfalme.

Mwanafunzi wako akikuuliza kama mtu wa kawaida alilindwa, mjibu kwa ukweli kwamba wengi hawakulindwa. Kifungu kinamtaja mtu huru, na sehemu kubwa ya wakulima wa wakati huo walikuwa watwana waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana wao. Kipo kifungu cha 20 kinachosema kwamba hata mtwana akitozwa faini asinyang'anywe vitu vyake vya kilimo, na kifungu cha 8 kinachosema mjane asilazimishwe kuolewa, lakini hizo zilikuwa nafuu ndogo. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1354, Bunge la wakati wa Edward III lilipotunga sheria kwamba hakuna mtu, awe wa cheo chochote au hali yoyote, atakayeondolewa kwenye ardhi yake, kukamatwa, kufungwa, kunyimwa urithi wala kuuawa kabla hajaitwa kujibu kwa kufuata utaratibu wa sheria. Kama wanafunzi wako watakariri mwaka mmoja tu zaidi ya 1215, ningependa uwe huo.

Mhariri, mnatusomesha kuisifu sheria ya Waingereza, ilhali ndiyo iliyotumika kuwanyang'anya babu zetu mashamba. Haki hizo za mwaka 1215 zilikuwa wapi wakati huo?
— Msomaji wa siku nyingi, Dagoretti

Mzee wangu, uchungu wako ni wa haki, na sitaki kuupoza kwa maneno laini. Uingereza ya kale ilituachia vitu viwili vinavyopingana, na kilichotufikia kwanza ni kile kibaya. William wa Normandy alipoiteka Uingereza mwaka 1066, ilikubalika kwamba ardhi yote ni ya mfalme, na kila mwingine anaishika tu kwa niaba yake, moja kwa moja au kupitia kwa bwana mwingine. Fikra hiyo, iliyozaliwa vitani, ndiyo iliyopandishwa meli ikaletwa huku Kenya. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1915 iliihesabu kuwa ardhi ya mfalme wa Uingereza hata ile iliyokuwa ikikaliwa na makabila ya wenyeji, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth aliamua katika kesi iliyowahusu Wakikuyu kwamba wao walikuwa wapangaji tu wa mfalme, wa kuondolewa atakapo.

Angalia ukatili wa jambo hilo. Mkulima mdogo wa Uingereza wa mwaka 1170 aliweza kwenda mbele ya majaji na kuuliza ametolewaje shambani bila hukumu, na huyu wa Kiambu, karne saba na nusu baadaye, akaambiwa hana cha kuulizia kwa sababu hakuwahi kuwa na shamba machoni pa sheria. Sheria ilikuwa imekuja na madaraka ya mfalme, ikayaacha nyuma yale yaliyomzuia mfalme. Vivyo hivyo, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Oktoba 1952, maelfu kwa maelfu ya watu walizuiliwa kambini bila kushtakiwa, chini ya bendera ya nchi iliyojivunia kifungu cha 39. Na tusimwonee Mwingereza peke yake, kwa kuwa sheria ya kuwazuilia watu bila kesi ilitungwa na Bunge letu wenyewe mwaka 1966, nasi tukiwa huru.

Ninachokuomba ni tutenganishe vitu hivyo viwili. Fikra kwamba ardhi yote ni ya mtawala tumeikana waziwazi: Ibara ya 61 ya Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema kwamba ardhi yote nchini ni ya watu wa Kenya kwa pamoja, kama taifa, kama jamii na kama mtu mmojammoja. Ile kanuni ya kuhukumiwa kwanza, kwa upande mwingine, tumeishika na kuiandika kwa mkono wetu katika Ibara za 49, 50 na 51. Kushika kile kilichonyimwa babu zetu si kumsifu aliyewanyima.

Mhariri, kijana wa dada yangu alikamatwa Ijumaa jioni, asionekane mahakamani mpaka Jumatano. Wakili mmoja jirani yetu alituambia tungeomba habeas corpus, lakini hatukumwelewa na tuliogopa gharama. Hicho ni kitu gani, na kinatoka wapi?
— Mama wa Kayole

Pole sana, mama, na nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu wengi wako katika giza hilo.

Nianze na siku. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Ikiwa saa hizo zinaisha nje ya saa za kazi za mahakama, au katika siku isiyo ya mahakama, mwisho unasogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni, saa zake zinaisha Jumamosi jioni, kwa hiyo kama hakukuwa na sikukuu alipaswa kufikishwa kabla Jumatatu haijaisha. Jumatano ilikuwa imechelewa.

Habeas corpus ni amri ya Mahakama Kuu inayomwambia anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze anamzuilia kwa sheria gani. Maneno hayo ni ya Kilatini, lugha ya hati za mahakama za Uingereza za enzi zile. Mwanzoni amri hiyo ilikuwa njia tu ya kuhakikisha kwamba mtu anayehitajika katika kesi anafika. Kidogo kidogo majaji waliigeuza kuwa chombo cha kuhoji kifungo chenyewe, na mwaka 1679 Bunge la Uingereza likaitungia sheria ili walinzi wa magereza wasiikwepe kwa kuwahamishahamisha wafungwa.

Kisa kimoja kinanigusa zaidi ya vyote. Mwaka 1771 Mwafrika aitwaye James Somerset, aliyekuwa amefanywa mtumwa na kupelekwa London, alikuwa amefungwa minyororo ndani ya meli kwenye mto Thames, akingoja kupelekwa Jamaica kuuzwa. Waliomfahamu walikwenda mahakamani wakapata amri hiyo, na nahodha akalazimika kumfikisha mbele ya Jaji Mkuu Mansfield. Tarehe 22 Juni 1772 Mansfield aliamua kwamba sheria ya Uingereza haimruhusu bwana kumchukua mtu kwa nguvu na kumtoa nchini, akamwachilia huru.

Hapa kwetu, Ibara ya 51 inampa aliyezuiliwa haki ya kuomba amri hiyo, na Ibara ya 25 inaiweka katika orodha fupi ya haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile, pamoja na haki ya kusikizwa kwa usawa na haki ya kutoteswa. Si maandishi ya kabatini. Vijana walipotoweka mwishoni mwa mwaka 2024, jamaa na mawakili wao walikwenda Mahakama Kuu ya Milimani kuomba amri hiyohiyo, na wakuu wa polisi wakaagizwa na mahakama wafike wajieleze.

Kuhusu gharama, mama, hapa ndipo ningependa majirani zako wote wasome. Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe, kwa hiyo wewe au dada yako mngeweza kuomba. Ibara hiyohiyo inasema kwamba kesi ya namna hii isitozwe ada ya kuifungua, na kwamba pale inapobidi mahakama ikubali hata maandishi yasiyofuata mtindo rasmi. Ukiwa na wakili ni bora, na akikataa au akikosekana, chukua karatasi uandike jina la kijana, siku na saa aliyokamatwa, mahali alipochukuliwa, nani walimwona akichukuliwa, na kituo mlichoambiwa yuko, kisha uipeleke kwenye masjala ya Mahakama Kuu asubuhi ileile.