Kuchangia watoto waliolazwa: anzeni na nauli

Waalaykum salaam dada yangu wa Wete. Umeuliza kama pesa za kikoba chenu mzinunulie vitu vya kuchezea watoto waliolazwa hospitali ya Mnazi Mmoja, huku Unguja. Nia yenu njema, Mungu awalipe, lakini mimi ningeanza na nauli.

Mfikirie mtoto wa Pemba mwenye ugonjwa wa kichwa maji, yaani maji yamemjaa ndani ya kichwa. Anapelekwa Unguja, anawekewa mpira mwembamba wa kuyashusha maji kutoka kichwani hadi tumboni, kisha anarudi kwao. Mpira ule unaweza kuziba baada ya wiki au baada ya miaka. Akianza kutapika na kusinzia ovyo, mama apande boti siku ileile, hana muda wa kutafuta wa kumkopesha. Nimemuona mmoja akingoja nauli siku tatu na mtoto mapajani. Mpaka leo linaniuma. Na mama huyo akishafika naye anahitaji kula, hilo watu hulisahau.

Msinunue chochote kabla ya kumuuliza muuguzi mkuu wa wodi. Pengine atataka nepi na sabuni. Pesa zitoke kwa saini za watu wawili, risiti zionekane na kila aliyetoa. Picha za watoto msizirushe, hata mzazi akikubali. Mara nyingi hukubali kwa kuona haya tu.

Asiye na pesa atoe damu, watoto wa selimundu na malaria kali wanaihitaji.

Mkiwa tayari niambieni. Mimi niko mjini hapa, wodini nitakwenda kuwaulizia.